Wazee Kumi na Mmoja Kwenye Tovuti

"Ukurasa wangu utafunguka kabla hujamaliza kupiga chafya!"

Editha aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, mwaka 1998, mbele ya wachongaji wote wa kikundi cha Mikoroshini, Temeke, pamoja na wake zao na muuza kahawa aliyekuwa anajipitia zake. Yeye ndiye mpiga chapa wa kikundi. Kikundi kilikuwa kinatimiza miaka ishirini na wateja wamekauka. Mama mmoja wa Denmaki mwenye duka la vinyago, aliyewahi kufundisha Ifakara na Kiswahili anakijua, alikuwa ameandika: wekeni kazi zenu kwenye intaneti nizione, nikizipenda, nitanunua kila mwaka.

Editha akajifunza kwa kitabu cha kuazima. Hakutaka mbwembwe. Kurasa tatu za maandishi matupu, picha sita za vinyago zilizopunguzwa mpaka zikawa nyepesi kama karatasi ya sigara. Kitu cha kuandika mara moja ukakiacha, kisikusumbue tena. Vyote viliingia kwenye disketi moja na nafasi ikabaki.

Kosa lake ni kuionyesha kamati.

"Editha mwanangu," alisema Mzee Albano, mwenyekiti, akiinamia kioo cha kompyuta, "yaani mgeni anaingia tu, anakutana na kinyago? Hakuna karibu?"

"Mzee, vinyago ndiyo karibu yenyewe."

"Sie hatukulelewa hivyo."

Itifaki, bwana! Ikawekwa picha ya mwenyekiti kavaa suti. Ukimweka mwenyekiti, umemdharau makamu. Ukimweka makamu, mweka hazina ananuna, na mlezi wa kikundi hasemi kitu, anaacha tu kuja. Kufikia Ijumaa walikuwa kumi na mmoja, wamepokezana suti ileile, kila mmoja mkubwa kama bango la sinema. Chini yao salamu kwa waalikwa wote. Vinyago mkiani. Mimi, mchongaji mwenzao, nikamwambia Editha, hii si tovuti, ni tanzia.

Ikapelekwa mjini, ikawekwa. Mama wa Denmaki akajibu: amesubiri dakika tisa, ameona wanaume kumi na mmoja, je, siku hizi mnauza suti?

Editha aliwasomea barua hiyo neno kwa neno.

"Wazee wangu, intaneti inapita kwenye waya wa simu, na huko mgeni analipia simu kila dakika. Nyie mmemsimamisha mlangoni dakika tisa, na bado mnamlipisha! Ndiyo malezi hayo?"

Mzee Albano akavua kofia.

"Mgeni tumemlipisha?"

"Kwa kila sura, mzee."

"Toa. Anza na yangu."

Mweka hazina aliomba yake ibaki, hata robo, hata sikio. Akanyimwa.

Kurasa tatu zikarudi. Siku mbili baadaye mama akaandika tena: safari hii imefunguka palepale, kazi kaipenda, anataka kuanza na kile cha bibi anayetwanga. Bei gani?

Unadhani walijibu? Kamati ikaitisha kikao cha dharura. Ajenda ya kwanza: shukrani kwa mama, kwa familia yake na kwa serikali yake. Ajenda ya pili: nani atangulie kutia saini. Walipofika kwenye saini ya makamu, Editha alishafika mjini, kakaa kwenye kompyuta, kaandika mstari mmoja na kuutuma.

Shilingi elfu arobaini na tano.