Taa ya Sani Ambayo Sikuiwasha

Nilimdanganya mama mwenye mtoto mgonjwa, tena nilimdanganya juu ya mungu wake. Naanza na hilo mapema, msije mkanionea huruma kabla hamjajua mimi ni mtu wa namna gani.

Mimi ni mwanamke wa Lubumbashi, nasuka nywele Saint-Josse, hapa Bruxelles, naishi Ganshoren. Saluni wananijua kwa mdomo wangu: nataniana na huyu, namchokoza yule, wateja wanacheka mpaka nawaambia watulize vichwa. Siku hizi nasuka kimya. Wanadhani ni mambo ya mume!

Jirani yangu ni bibi wa Kihindi, mjane. Nitamwita Maman Selvi, ingawa si jina lake. Kwao ni Karaikal, mji uliowahi kutawaliwa na Wafaransa, kwa hiyo tulielewana tangu siku ya kwanza, na Kifaransa chake kimenyooka kuliko changu. Huyu ndiye aliyenilelea binti yangu. Mimi niko saluni hadi jioni, yeye anamchukua shuleni, anampa wali, anamsimamia kazi zake za masomo. Mtoto anamwita nkambo, kama anavyomwita bibi yake mzaa mama aliyeko Lubumbashi. Na katika miaka yote hiyo bibi huyu hakuwahi kuniomba kitu. Hata chumvi!

Aliniomba mara moja tu.

Mwanawe wa pekee, Ravi, alikuwa mgonjwa wa figo. Alisafishwa damu hospitalini huku akisubiri figo ya kupandikizwa, na figo haikuja. Maman Selvi hakubishana na madaktari. Lakini kwao sayari ni miungu, na inayoogopwa kuliko zote ni Zohali, wanayoiita Sani. Sani akimshika mtu humwandama miaka: kazi inakwama, nyumba inaingia matatizo, mwili unaisha. Maman Selvi aliamini Sani ndiye aliyemshika Ravi. Kila Jumamosi, siku ya Sani, hakutia tonge mdomoni hadi jua lizame.

Karibu na Karaikal kuna hekalu la kale sana la huyo Sani. Watu wanatoka mbali kwenda kumwomba awaachilie. Unaoga kwenye bwawa la hekalu, umejipaka mafuta ya ufuta, nguo yako ya zamani unaiacha pale pale, unavaa nyingine, unaingia, unawasha taa ya ufuta, unaondoka bila kugeuka nyuma. Mgonjwa asiyeweza kusafiri, alisema Maman Selvi, anaweza kupelekewa nguo yake.

Mimi nilikuwa nakwenda Chennai kununua nywele za saluni. Akagonga mlango wangu ameshika shati la Ravi, limepigwa pasi, la mistari ya buluu.

"Ma fille, mwanangu," aliniambia, "kutoka Chennai ni safari ya basi ya siku moja. Mimi miguu haina nguvu, na siwezi kumwacha Ravi peke yake. Nifikishie hili."

Nikaapa nitalifikisha. Tena niliapa kwa jina la Yesu!

Chennai nilimaliza kazi yangu mapema. Muda wa kwenda ulikuwepo, tiketi ya basi nilikuwa nayo. Asubuhi ya safari nikaingiwa na wasiwasi, nikampigia mama wa maombi wa kanisa letu hapa Bruxelles. Nilitaka aniombee tu.

"Weye! Kuingia mule? Mu nyumba ya masanamu?"

"Ni shati tu, maman. Ya mugonjwa."

"Shati tu! Ile roho itakufwata. Utarudia nayo mu valise, na itaanza na mutoto wako. Bon, mie nimekuambia."

Mtoto wangu! Nikalitia shati la watu kwenye pipa la taka la hoteli, nikalifunika kwa gazeti, nikakemea kwa damu ya Yesu. Halafu nikaenda dukani kununua bangili.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Zile nywele nilizonunua, muuzaji mwenyewe aliniambia zilikotoka, tena kwa fahari: mahekaluni, wanawake wananyoa vichwa kutimiza nadhiri zao. Hizo nilijaza masanduku mawili ya safari bila kusema hata Baba Yetu! Nywele zina wateja, bwana. Shati la mgonjwa ndilo likawa na shetani.

Siku niliporudi, Maman Selvi alikuwa ananisubiri mbele ya lifti, amevaa sari safi, amechana nywele. Hakuuliza hata habari ya safari.

"Uliwasha?"

Ningeweza kusema ukweli pale pale. Ravi alikuwa hai bado.

"Niliwasha, maman."

"Na moto? Moto ulikuwaje?"

Jamani, nani alinituma kuongeza?

"Ulisimama wima. Haukutikisika hata kidogo."

Akaishika mikono yangu, akaibusu. Mikono hii ninayoandikia! Jumamosi iliyofuata alikula mchana, akapika wali wa ufuta, akagawia ghorofa nzima. Nami nilikula, na nikaomba niongezewe.

Ravi alifariki kabla baridi haijaisha.

Sisemi taa ingemponya. Mimi ni Mkristo, na hata leo sijui niseme nini juu ya hilo. Kilichonivunja ni kingine.

Baada ya mazishi nilimpelekea chakula. Rafu ya jikoni alipokuwa anaweka picha za miungu yake ilikuwa tupu, imefutwa vumbi. Nikamuuliza ameziweka wapi. Akanijibu taratibu, bila machozi:

"Alinisikia, ma fille. Wewe mwenyewe ulisema moto ulisimama wima. Maana yake alinisikia vizuri kabisa, akaniambia hapana. Nimemkosea nini?"

Nilibaki na sufuria yangu mkononi.

Kuanzia hapo Maman Selvi akaanza kuisha. Hakuwasha taa tena, hakupika tena. Binti yangu alirudi kwangu analia.

"Maman, nkambo hakule. Nilimupatia mukate, akaiangalia tu. Juu ya nini haombe tena?"

Nilijua kwa nini! Mimi peke yangu katika Bruxelles nzima nilijua kwamba mungu wake hakumkataa, kwa sababu hakuna aliyemwomba. Nikisema, ninamrudishia mungu wake. Lakini nikisema, atajua pia nilichomfanyia Ravi. Wiki zilipita nikinyamaza. Nilimpigia mama wa maombi, nikamfokea hadi sauti ikakauka, nikamkatia simu. Hata huo ulikuwa woga wangu, maana pipa lile nililifungua mimi.

Jumapili moja sikwenda kanisani. Niligonga mlango wa Maman Selvi, akanikaribisha jikoni, nikapiga magoti, nikamweleza yote: simu, pipa, gazeti, bangili.

"Hukufika?" aliniuliza.

"Sikufika, maman."

"Hakuna mtu aliyewasha?"

"Hakuna."

Akaigeukia ile rafu tupu. Nawaapia, uso wake ulilegea. Pumzi ilimtoka kama aliyetua mzigo.

"Basi hakukataa," alisema.

"Hakukataa, maman."

Ndipo akanitazama mimi.

"Ulikataa wewe."

Akanipita pale nilipopiga magoti, akaufungua mlango wazi kabisa, akasubiri nitoke.

Sasa Jumamosi harufu ya mafuta ya ufuta inatoka tena chini ya mlango wake. Anaomba, anakula. Bado anamchukua binti yangu shuleni, hakumwadhibu mtoto kwa kosa langu. Lakini mimi akinikuta kwenye lifti anashuka kwa ngazi, na yale magoti yake mabovu! Nasikia anavyopumzika kila ghorofa. Ningependa anitukane, anitemee mate, aseme neno lolote. Hasemi. Silali, naomba na maombi hayapandi. Nitaenda kumwambia nani?

Wewe unayesoma, nakusihi. Mtu akikuletea ombi lake, na dini yako au woga wako hauruhusu, mwambie hapana hapo hapo mlangoni. Atanuna, atakusema vibaya, sawa. Mwache anune! Angalau atapata nafasi ya kumtuma mwingine.

Maman Selvi ana mpwa wake Paris, mwenyewe alinisimulia mazishini. Mwezi ule ule niliosafiri, kijana huyo alikwenda Karaikal harusini, akampigia shangazi yake kumuuliza kama ana cha kumtuma hekaluni. Akamjibu hana, kila kitu amenipa mimi.