Kopo la Maziwa Juu ya Paa la Bibi

Shangazi yangu akiona kitu hakina rangi hatulii. Geti, ndoo, hata mpini wa nyundo, vyote vimepitiwa na brashi yake. Miaka thelathini alitengeneza redio, na redio zilipoacha kuletwa hakukaa akalia. Alikwenda kujifunza mambo ya mitandao ya kompyuta, darasa moja na vijana waliombatiza Mama Antena. Aliunguza ruta tatu, vile visanduku vya kusambaza intaneti. Ya nne ikamtii, na tangu hapo akawa anakusanya ruta zilizotupwa, anazifufua, kisha anaziundia antena kwa makopo ya maziwa ya unga. Nampenda sana, ndiyo maana namsema.

Bibi, mama yake, anaishi bondeni ambako simu haishiki. Macho yake yalikuwa yanaisha. Daktari alishasema hayatamaliza mwezi. Alitaka jambo moja tu, kumwona baba mdogo, kitindamimba wake aliye ughaibuni mwaka wa kumi na moja. Shangazi akafunga kopo moja kwenye karakana yake mlimani, jingine juu ya paa la bibi, yakitazamana. Ijumaa tukajaribu, intaneti ikafika hadi kitandani. Baba mdogo akaahidi kupiga Jumapili saa kumi.

Jumapili saa tisa na nusu, intaneti hakuna. Nikatoka uani, nikaona kopo linameremeta rangi ya fedha, pamoja na mfuniko wake wa plastiki.

"Shangazi, umelipaka rangi?"

"Jana. Siwezi kumwekea mama yangu takataka juu ya nyumba."

Halafu akainua macho kwenye mfuniko. Rangi ile ina unga wa alumini, na yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba mawimbi hayapenyi alumini. Alikuwa ameliziba kopo mdomo, ndiko mawimbi yanakopitia.

"Mjinga mimi," akasema taratibu, akapanda ngazi na gauni lake zuri.

Mfuniko alikuwa ameugandisha kwa gundi. Aliung'oa kwa bisibisi, na kwa ile nguvu kibano kilichoshika kopo kikakatika. Akalikamata kwa mikono miwili, akalielekeza mlimani.

"Imeshika?"

"Imeshika."

Baba mdogo akatokea. Bibi akaisogeza simu hadi karibu iguse pua, akamtazama muda mrefu.

"Una mvi," akasema. "Hebu cheka nikuone."

Baba mdogo akacheka huku analia, na mimi nikashindwa kujizuia. Bibi akamwambia ageuke upande, ageuke tena. Kisha baba mdogo akaniuliza dada yake yuko wapi.

"Juu ya paa, ameshika antena."

"Mwambie ashuke, nimwone japo kidogo."

Nikatoka nikamwambia. Jua lilikuwa linampiga usoni, kopo bado amelielekeza mlimani.

"Nikishuka anapotea," akasema. "Mama bado anamtazama?"

"Bado."

"Basi rudi ndani ukamshikie simu."