Mikono Kwenye Kioo

"Kwani ukionekana, itakuwaje?"

Yule mwanamke wa Kituruki aliniuliza hivyo huku akikaza nyuzi za kanuni yake, bila kunitazama. Tulikuwa sebuleni kwake Khuweir, hapa Maskati, mapazia yamefungwa kwa ajili ya jua. Nilikuwa nimemwambia kwamba siku ya onyesho nitakaa nyuma ya pazia jeusi, jina langu lisiandikwe popote, na kamera ioneshe kioo na mikono yangu tu. Chuo kikuu niliwachosha walimu kwa maswali, hata mmoja akaniomba niwaache na wenzangu wapumue. Siku ile nilisema tu, "Kwetu ni vigumu kidogo." Akaitikia kwa sauti ya mtu aliyeshasikia hivyo mara nyingi, tukaendelea na mazoezi.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Yeye alipiga kanuni, kinanda cha nyuzi kinacholazwa mapajani, na pembeni yake alikuwa na kompyuta. Alipiga kipande kifupi cha wimbo wa zamani wa kwao, kompyuta ikakinasa na kukirudia, kikazunguka bila kuchoka, naye akapiga kingine juu yake. Mimi nilikaa mbele ya kioo chenye taa chini yake. Nilimwaga wino, nikauvuta kwa kidole, kwa kitambaa, kwa ncha ya kijiti. Kamera ilining'inia juu, na kila nilichochora kilitokea ukutani, kikubwa kama mlango wa gereji. Muziki ukibadilika, nilifuta na kuanza tena. Hakuna mchoro uliobaki.

Tuligombana sana kuhusu kompyuta. Kanuni ya Kituruki ina vyuma vidogo vidogo chini ya nyuzi, mkono unaviinua na kuvishusha ili kupata sauti zilizo katikati ya sauti. Programu yake ya kwanza ilizisikia sauti hizo kama makosa, ikazinyoosha zote. Yeye alitaka kuitupa. Mimi nilimuuliza ana uhakika gani kwamba kilichonyooshwa si kizuri, au anapenda cha zamani kwa sababu ni cha zamani tu? Akanipigia vyote viwili, mara nne. Mara ya nne nikakubali. Ile iliyonyooshwa ilisikika kama mtu anayesoma barua ya mwenzake.

Katika muziki wao kuna sauti moja ya chini inayoshikiliwa muda wote, wimbo ukitembea juu yake. Kwa kawaida huishika mpiga filimbi. Hatukuwa na mpiga filimbi. Akaniambia, "Niletee sauti ya nyumbani kwenu." Nikamletea mngurumo wa AC ya chumbani kwangu, niliourekodi kwa simu. Akaushusha, akaulainisha, ukawa ndio sauti ile. Nilicheka. Chumba changu cha Bausher kilikuwa kimeingia kwenye muziki kabla yangu.

Mkataba wa kazi wa mumewe ulikuwa unakwisha, na baada ya onyesho walikuwa wanarudi Istanbul. Alitaka nimfuate kwa miezi mitatu, tuimalize kazi na tuioneshe huko. Nilikuwa na shahada ya ubunifu, sina kazi, na kila asubuhi niliamka nikiangalia matangi ya maji juu ya mapaa ya majirani. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyoitaka safari ile.

Kwetu ombi haliendi kwa baba moja kwa moja. Linapita kwa mama, na jibu linarudi kupitia kwa mama. Ndivyo walivyoishi tangu Unguja, na walipohamia Maskati walikuja na desturi hiyo kama walivyokuja na mbuzi ya kukunia nazi. Nilimkuta mama jikoni.

"Istanbul," alisema. "Na nani?"

"Na yule Mturuki, mama. Unamjua. Alikuletea zile halua."

"Halua zilikuwa nzuri." Akaendelea kuchuja tui. "Mwanangu, maneno haya yana wakati wake. Baba yako nnamjua mie. N'tamwambia akitulia."

Baba yangu hakuwa mkali. Alikuwa mtu wa wizarani, akirudi alikula, akalala kidogo, akaingia majlisi, chumba cha wageni, kusikiliza habari. Toka jikoni hadi majlisi ni hatua kumi na mbili. Nilizihesabu siku moja.

Mama alijua nakwenda kuchora kwa Mturuki. Kwamba nitachora mbele za watu sikumwambia. Nilijisemea kwamba mtu asiyeonekana hayuko mbele za watu.

Siku tano kabla ya onyesho aliolewa binti wa khalati yangu mkubwa, dada yake mama, huko Mabela. Kwetu harusi haiwi harusi bila hina na piko, na bibi harusi alitaka mabinti wote wa ukoo wachorwe mchoro mmoja: tawi la yasmini kutoka kwenye kifundo mpaka ncha ya kidole cha shahada, na pete ya nukta kwenye kidole gumba. Tulikaa foleni, tisa pamoja na bibi harusi, mikono mbele kama wafungwa, tukilishwa sambusa na wengine. Nilifurahi. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Kwa onyesho nilipanga kila kitu. Pazia, mlango wa nyuma, jina. Nilivaa abaya isiyo na nakshi ili shangazi yeyote akinipita asinitambue. Kisha nikakaa kwenye kioo, taa ikawaka, na mikono yangu ikapanda ukutani, yasmini lote, kila jani, mbele ya ukumbi mzima. Sikushtuka hata kidogo. Nilikuwa nauangalia wino.

Ilikuwa saa moja nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. Sauti ya AC yangu ilishika chini, kanuni ikaingia, na mkono wangu ulijua pa kwenda.

Asubuhi ya pili, kabla ya chai, mtu alikuwa ameshaweka video kwenye mtandao, na khalati alikuwa ameshaileta kwenye kundi la wanawake wa ukoo, na ujumbe wa sauti juu yake:

"Jamani, hebu angalieni mikono hii. Huu si mchoro wetu wa Mabela huu? Au macho yangu yashazeeka?"

"Khalati, macho yako yakizeeka sisi si tutakuwa vipofu!"

"Wallahi si mie. Mie kucha zangu fupi, nnaosha vyombo." Na picha ya mikono.

"Yangu hii, kidole gumba kimeharibika, nlimshika mtoto kabla haijakauka." Picha.

"Na mie huyu. Nioneni nilivyonona."

Zilikuja moja baada ya nyingine, mikono kwenye mashuka, kwenye usukani, kwenye sinia la mandazi. Bibi harusi mwenyewe alituma yake kutoka hotelini, na kundi zima likamwambia aachane na simu. Mpaka zikafika nane.

"Tisa nani?"

"Msanii wetu yuko kimya leo."

"Mikono imeshatangulia Uturuki!"

Vikaragosi vya kucheka vilijaa. Hakuna aliyenitukana. Hilo ndilo lililonichanganya: niliogopa moto, nikapata mzaha, na mzaha ule ukanifunga vizuri zaidi.

Mama aliingia, akakaa ukingoni mwa kitanda, simu mkononi. Alinishika vidole, akavigeuza.

"Wiki mbili tu, mwanangu," alisema. "Ungesubiri hina itoke."

Ijumaa ile, wakati wa chakula, baba aliiangalia mikono yangu nilipompa sahani ya wali. Aliiangalia muda mrefu kidogo, akasema bismillahi, akala. Nilichukulia kwamba hiyo ndiyo hukumu.

Siku tatu baadaye mama aliniambia akikunja nguo. "Baba yako hataki. Khalas."

"Amesema nini?"

"Amesema hataki. Unataka akupigie makelele?"

"Sababu?"

"Sababu unaijua."

Nilidhani naijua. Nilikuwa mtu wa kuuliza kila kitu: nani aliamua, ushahidi uko wapi, kwa nini iwe hivi. Jibu lile nililipokea kama lilivyokunjwa, sikulifungua.

Mturuki aliondoka. Alinikumbatia uwanja wa ndege na kuniachia kioo chake, kwa sababu kilikuwa kizito kusafiri nacho. Funguo za gari zikaanza kukaa kwenye mkoba wa mama. Bausher hakuna pa kwenda kwa miguu. Toka geti letu hadi duka la karibu ni barabara kubwa na jua. Kwa muda Mturuki alinitumia vipande vya muziki, nami nilivichorea chumbani na kumrudishia video. Kisha akapata mchoraji huko huko, kijana wa watu, akaniambia kwa upole sana. AC ilipowaka, nilijikuta nangoja kanuni iingie. Haikuingia. Ilikuwa AC tu.

Nilipata kazi ya kubuni vifungashio vya tende. Naifanya vizuri.

Ilipita miaka mitatu. Baba alikuwa ameshastaafu, na siku moja nilimpeleka Mabela kuangalia nyumba mpya ya kaka yangu. Njiani, kwenye taa nyekundu, aliniuliza kwa nini sikwenda kwa yule Mturuki wangu. Ile video, alisema, alioneshwa na mtu wa ofisini, na aliipenda. Alingoja nimwambie habari ya safari. Siku aliyomuuliza mama, mama alimjibu kwamba nimeghairi mwenyewe.