Kioo cha Mwanamke wa Kietruski

Sina kipaji cha kutunga. Nimesoma hadi darasa la saba, na kazi yangu ni usafi. Haya ninayokueleza niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, na kidole changu cha shahada ni ushahidi mpaka leo.

Nafanya usafi kwenye makumbusho moja hapa Toronto. Wageni wakishatoka jioni, naingia na ndoo, kitambaa na dawa ya vioo. Chumba nilichokipenda ni cha Waetruski, watu walioishi Italia kabla Warumi hawajawa wakubwa. Kuna jeneza lao la udongo, na juu ya kifuniko wamelala mume na mke, wameegemea mto mmoja kama watu walio kwenye chakula, wanacheka.

Mimi na Baba Neema tulikuwa tukila sahani moja. Alifariki Oktoba, moyo, akiwa kazini ghalani kule Brampton. Hospitalini nilimkuta ameshafunikwa. Nikaogopa kumfunua. Nikajiambia nitamtazama siku ya kuaga mwili. Kumbe mwili ulisafirishwa Iringa na mimi nikabaki, maana karatasi zangu za ukaazi zilikuwa hazijatoka. Mazishi niliyaangalia kwenye simu. Walipofika kwenye kuaga, mtandao ukakatika. Uso wake sikuuona.

Kila Jumapili shemeji yangu wa hukuhuku Toronto alinipigia. Alisema matanga yameisha, nguo za marehemu zigawiwe ndugu. Nikawa nakwepa. "Shemeji, au umefungua duka la nguo?" akanitania. Sikucheka.

Makumbushoni kuna mzee mmoja Mgoa, mzaliwa wa Tanga, anayejitolea kuwatembeza wageni. Ndiye aliyenieleza kwamba wanawake wa Kietruski walikula wakiwa wameegemea pamoja na waume zao. "Wagiriki waliwasengenya sana, mama," akasema. "Majirani ni majirani tu." Akanionyesha kioo cha shaba, kijani kwa uzee, kilichozikwa pamoja na mwenyewe. Upande wa kujitazamia ulikuwa umekwaruzwa maandishi. Alisema maana yake ni kitu cha kaburini, yaani aliye hai asikitumie. Nikaitikia, nikaendelea kufuta.

Basi Jumanne moja ya Januari, kama saa kumi na mbili jioni, nikamkuta mwanamke ameketi kwenye benchi mbele ya lile jeneza. Alivaa viatu vyekundu vyenye ncha zilizopinda juu, hereni nzito za dhahabu, nywele zimesukwa mpaka mgongoni. Hakuwa na koti, na nje barafu tupu. Nikadhani ni mwigizaji, maana huwa wanakuja. Nikataka kumwambia tumefunga.

"Mama Neema," akasema, "pole na msiba."

Kwa lafudhi ya kwetu Iringa kabisa. Na pale kazini hakuna anayenijua kwa jina la mwanangu. Nilipaswa kukimbia, sivyo? Wewe ungekimbia? Niamini, moyo ulinidunda kwa furaha. Ilikuwa muda mrefu hakuna aliyenipa pole bila haraka.

"Uso wake hukuuona. Unataka kuuona?"

Nikasema nataka.

Akanipa kioo cha shaba, cha njano, kinang'aa kama kimetoka kwa fundi leo, ila kimejaa alama za vidole. Sasa, kazi yangu imeniingia mwilini. Kioo chenye alama za vidole sikitazami kwanza, nakifuta. Nikatoa kitambaa, nikaanza kuzungusha. Na pale chini ya kitambaa akatokea Baba Neema.

Alikuwa ameegemea mto, na shati lake la kijani, sahani moja mbele yake. Akageuka. Uso wake, jamani, hauna hata maumivu. Akaniona, akasogea, akaacha nafasi pembeni yake.

"Ingia ukae," yule mwanamke akasema. "Chakula kinapoa."

Nilikuwa nakwenda. Sikufichi. Nilisikia harufu ya kisamvu. Baridi ya shaba ilikuwa imenipanda mpaka kwenye viwiko, na miguu siisikii tena. Mkono tu ndio ulioendelea kufuta, kwa mazoea. Mara kidole kikakwama kwenye mkwaruzo. Halafu mwingine. Safu nzima ya herufi, upande uleule wa kujitazamia.

"Hiki ni cha kaburini," nikasema.

Hakukasirika. "Wanangu ndio waliokikwaruza," akajibu. "Waliwahurumia watu kama wewe. Mimi napenda tu kuwa na mgeni mezani."

Nikakiinamia kile kioo, nikasema nilichopaswa kusema Oktoba. "Baba Neema, kwaheri. Neema ananisubiri." Akacheka, kicheko chake cha mdomo uliojaa chakula. Nikakiweka kioo kwenye benchi.

Nilipoinua macho, benchi lilikuwa tupu. Kioo kilikuwa ndani ya kabati lake, limefungwa kwa ufunguo, kijani kama siku zote, isipokuwa duara moja katikati, linang'aa. Kesho yake yule mzee wa Tanga alilitazama, akanitazama mimi, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, ulikifuta?" Nikamwambia nilikifuta.

Jumapili nilimwita shemeji nyumbani kwangu Etobicoke, tukagawa nguo zote. Shati la kijani halikuwepo. Nimepekua nyumba nzima, ilhali asubuhi ya Jumanne ile nililiona kwenye kabati la nguo. Kidole changu tangu siku hiyo hakisikii moto. Nakichovya kwenye chai inayotoka jikoni, na Neema anafumba macho, ananigombeza kwa Kiingereza.

Nawe unayenisoma, ukimkuta mtu wako amefunikwa, mfunue. Muage siku ileile, hata ukiogopa. Wapo wanaowangojea wale ambao hawakuaga, na mezani kwao nafasi haikosekani.