Matone Saba Katika Samli

Paka wangu alikufa Ibra, Oman, nyumbani kwa bibi, siku moja baada ya kupewa dawa ambayo bibi aliyempa hakuijua ni kitu gani, na mimi niliyesimama kando yake nilijua. Nimechukua muda mrefu kuyaandika haya. Skuli niliishia darasa la saba, Tabora, na mkono wangu ni mzito. Lakini kilichonichelewesha si mkono. Kila nikifika pale jikoni, naiweka kalamu.

Nilikuja Oman baada ya mama kufariki, kuishi na watu wa baba. Bibi, mama yake baba, alizaliwa Unguja, na Kiswahili chake ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba. Kiarabu changu kilikuwa cha salamu na cha dukani. Waliniita bubu, na wakasema wananiita hivyo kwa mapenzi.

Paka nilimwokota mwaka wa kwanza, kando ya mfereji wa shambani, mguu wa nyuma umekanyagwa na gari. Ulipona vibaya. Wakati wa baridi, na usiku wa Ibra una baridi kweli, alishindwa kupanda kitandani kwangu, nikawa nampandisha mimi. Nilizungumza naye kuliko nilivyozungumza na mtu yeyote mle ndani.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, anaishi Kanada. Kila baridi huja na masanduku yake, na kila mtu hupata kitu. Safari hii alikuja na magoti mabovu na chupa ya mafuta. Habari ya chupa ile niliisikia nikiwa napeleka kahawa majlisi, chumba cha wageni, alipokuwa amekaa na ami, mdogo wake baba. Hawakunyamaza nilipoingia. Kwa nini wanyamaze?

"Ni bangi," shangazi alisema, kama mtu anayetaja manjano. "Lakini si ya kuvuta. Mafuta. Natia chini ya ulimi, magoti yanalala. Kule inauzwa dukani na risiti unapewa."

Ami aliweka finjani chini. "Umepita nayo wapi?"

"Nimeitia kwenye chupa ya mafuta ya habbasoda. Nani atamsumbua mwanamke mzee?"

"Mzee wewe? Juzi ulisema una arobaini na tano."

"Mbele ya forodha mimi ni mzee."

Ami alicheka, halafu akaacha kucheka. "Imwage. Hapa hawaulizi ya kuvuta au ya kulamba. Tutafungwa sote, mama akiwemo." Akanigeukia. "Na wewe hukusikia kitu."

"Huyo?" shangazi alisema. "Huyo hata akisikia."

Alisema ataimwaga, na hakuimwaga.

Siku mbili baadaye alimwona paka akivuta mguu uani. Akamwambia bibi kwamba kule watu wanawapa wanyama mafuta kama yake, kwamba chupa zina picha ya mbwa na paka, wanakimbia tena kama watoto. Chupa yake haikuwa na picha ya mnyama yeyote, ilikuwa na ile karatasi ya habbasoda tu. Akamwambia bibi ni mitishamba. "Mpe matone mawili, mama. Mawili tu." Na bibi, ambaye hamnyimi kiumbe dawa, aliipokea chupa kwa mikono miwili.

Asubuhi yake shangazi alikuwa amelala. Bibi alipasha samli kwenye kijiko kikubwa, maana kwake mafuta ya dawa hayapewi mtu makavu. Hupewa na samli ya moto, matone saba, asubuhi saba, kwa bismillahi. Hivyo alilelewa, hivyo alilea, na mbuzi wake shambani anawatibu hivyo hivyo. Nilisimama karibu na friji nikimhesabia matone. Tatu. Nne.

"Bibi," nilisema.

"Lebeka."

"Shangazi kasema mawili."

"Shangazi yako kazoea vidonge. Mafuta ni saba. Mama yangu alitupa saba, na mimi nimewapa wanangu saba. Nani kafa?"

Nilikuwa na sentensi nyingine. Ilikuwa fupi, maneno matatu hivi, na bibi angeitupa chupa ile dirishani kabla sijaimaliza. Lakini kuisema ni kumtaja shangazi, na kumwambia ami kwamba nilisikia. Nikahesabu. Tano. Sita. Saba. Paka alilamba kijiko chote, akalamba na kidole cha bibi.

"Unaona?" bibi alisema. "Mwenyewe anaitaka."

Kabla ya adhuhuri paka alianza kuyumba. Aliketi wima huku kichwa kinashuka na kuinuka, kama mzee anayesinzia kwenye khutuba, na bibi alicheka, akasema maumivu yamemwacha. Halafu alijikojolea pale pale alipokaa. Macho yalikuwa meusi matupu, na nilipompelekea mkono aliruka kama namtupia jiwe. Paka wangu, mkono wangu. Kisha akalala ubavu na akawa baridi.

Ami aliporudi kutoka kazini nilimwonyesha paka tu. Alikwenda kwenye rafu ya dawa za bibi, akafungua ile chupa, akanusa, akaingia chumbani kwa dada yake. Alipotoka aliimwaga sinkini na maji ya moto, muda mrefu, paka akiwa mikononi mwangu. Baadaye ndipo akachukua ufunguo wa gari.

Kliniki ya wanyama ipo barabarani, karibu na duka la chakula cha mifugo. Daktari alikuwa mwanamke wa Kisudani. Alimulika macho ya paka, akampima joto, akauliza amekula nini.

"Labda dawa ya mende," ami alisema.

"Hii haifanani na dawa ya mende. Kuna dawa za watu nyumbani? Vidonge, mafuta, chochote? Nikijua, najua la kufanya." Alisema polepole, na hata mimi nilifahamu kila neno.

"Hakuna," ami alisema.

"Basi mwacheni hapa. Nitamtia maji ya mshipa, nimpashe joto, na nimchukue damu tuipime."

Aliposikia damu, ami alishukuru, akasema tutamwangalia nyumbani, akambeba paka na khanga niliyomfunika. Mimi nilifungua mlango. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya siku ile: nilimfungulia mlango.

Nyumbani bibi alikuwa ameshajitayarisha. Alimkalisha paka mapajani, akamtia maziwa ya moto kwa kijiko, kidogo kidogo, akimsomea. Paka hakuwa na nguvu ya kumeza. Alikohoa, maziwa yakamtoka puani, bibi akamfuta na kumtia tena. Usiku kucha kifua chake kilikoroma. Kesho yake, kabla ya alasiri, kilinyamaza. Ami alimzika shambani na kuniambia paka yule alikuwa mzee. Hakuwa na miaka mitano.

Wiki ile ile shangazi alileta mwingine, mtoto mweupe wa manyoya marefu, kamnunua dukani Maskati na kikapu chake. "Haya, bubu. Huyu hana mguu mbovu."

Nilimpeleka kliniki akachanjwe. Nilikwenda kwa miguu, peke yangu, na nilipomaliza kulipia chanjo sikuondoka. Nilimwambia daktari ile sentensi niliyoizuia jikoni. Kiarabu changu kilikuwa kibovu, lakini jina la kitu kile halihitaji Kiarabu kizuri. Nikamweleza na ya samli, na ya maziwa, na kifua kilivyokoroma mpaka mwisho.

Alikaa. Aliniambia kuna vitu vingi katika mmea ule, na kimoja kinalevya. Katika mafuta yanayouzwa kwa ajili ya wanyama hutakiwa kiwe kimetolewa, au kimebaki kidogo mno, na hata hayo, kwa paka, hakuna awezaye kuhakikisha kwamba ni salama. Ya watu huwa nacho. Mwili wa paka ni mdogo, na samli inakiingiza zaidi. Lakini wengi wanaofikishwa mapema huamka, alisema. Joto, maji ya mshipa, siku mbili, na mdomoni wasitiwe kitu mpaka wapate fahamu. Maziwa yaliyoingia mapafuni ndiyo yaliyomuua, si mafuta. Hakunigombeza. Akampima uzito yule mdogo.

Niliporudi bibi alikuwa jikoni, kijiko cha samli motoni, maana asubuhi alimsikia mtoto wa paka akipiga chafya. Habbasoda, ya kweli safari hii. Nilimshika mkono. Nikamweleza yote, la chupa, la saba, la maziwa, shangazi amesimama mlangoni anasikia.

Bibi alizima moto. "Uliyajua haya asubuhi ile?"

"Ndiyo, bibi."

Akautoa mkono wake mkononi mwangu.

"Leo ndiyo umejua kusema," shangazi alisema.

Tangu siku ile bibi hamgusi mnyama. Hata mbuzi wake akiumwa humwambia ami atafute daktari. Asubuhi hukaa uani mikono iko mapajani, na mtoto wa paka akimjia anamwondoa kwa mguu, taratibu. Mimi ndiye ninayemlisha. Sijampenda.