Msumeno Uliowaka Bila Plagi

Kama umekuja kucheka, cheka sasa umalize, kisha unyamaze unisikilize. Hili nnalolisema limenipata mie mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa Malindi ya Unguja, si msituni wala makaburini. Na kila nikilikumbuka sishikwi na woga. Nnashikwa na hasira.

Kwanza unijue. Mie skuli nimeishia darasa la nne. Ufundi hakunifundisha mtu. Nimeanza kwa kusukuma gari la mbao bandarini, nikalala juu ya magunia, nikafungua mashine mbovu za watu mpaka nikazielewa. Leo nna karakana yangu chini ya nyumba ya mawe, na juu ya mlango nimeandika kwa rangi nyekundu: HAKUNA INAYONISHINDA. Si majivuno, uliza. Jenereta zilizozama maji ya chumvi, mashine za boti, vinu vya kusagia, vyote vimepita mikononi mwangu vikatoka vinaimba. Wenye vyeti vyao wananiletea kazi kwa mlango wa nyuma, wasionekane.

Basi nikauona ule msumeno wa moto, wa mashine, wa kukatia miti. Ulikuwa Darajani, nyuma kabisa ya duka la vyuma chakavu la bwana mmoja akiitwa Sudi. Msumeno wa zamani, chuma kitupu, mzito kama mtoto aliyelala, si hii ya leo ya plastiki inayopasuka ukiitazama vibaya. Kamba ya kuvutia imekatika, mnyororo umeshikana kwa kutu, unga wa mbao umegandana ndani kama ugali wa juzi. Moyo ukanidunda. Nani mwengine Unguja hii angeufufua kama si mie?

Tukapatana bei. Nikafanya kama tufanyavyo sote, nikamwambia, "Haya Sudi, nihalalishie." Unajua kwetu. Pesa utatoa, kitu utakishika, lakini mpaka muuzaji atamke kwa mdomo wake "halali yako", roho ya mnunuzi haitulii. Sudi akageuza uso, akajitia kutafuta kigunia cha kufungia.

"Chukua, yakhe, chukua. Utanikumbuka."

"Nihalalishie, bwana."

"Si nshakwambia uchukue? Unataka nikupigie na dufu?"

Watu dukani wakacheka, nikacheka na mie, nikautia begani. Utanikumbuka! Na kweli, haipiti siku nisimkumbuke mshenzi yule.

Nikaufungua wote mezani. Nikauosha kwa petroli kitu kwa kitu. Nikachongesha ringi mpya za pistoni, maana za msumeno ule hazipatikani tena. Kabureta nikaipuliza mpaka tundu zake zikapitisha mwanga. Mnyororo nikauloweka kwenye oili, nikaunoa jino kwa jino. Nikatia kamba mpya na plagi mpya. Ukiigusisha plagi kwenye chuma ukavuta kamba, cheche ya buluu hiyo! Mafuta yanafika. Pumzi ipo, ukiziba tundu ya plagi kwa kidole, kidole kinasukumwa. Cheche, mafuta, pumzi. Mashine yenye hayo matatu haina udhuru mbele ya fundi.

Nikavuta. Kimya. Haukukohoa wala haukupiga chafya. Nikavuta mpaka bega likavimba, nikautukana, nikautukania na kiwanda chake. Kimya.

Mkabala na mlango wangu pana baraza, na barazani hapo hakosekani Haji, mwenye mdomo kuliko kazi. Anakunywa kahawa yake anatazama jasho langu.

"Fundi! Huyo maiti ushamkosha, ushamvika sanda, kilichobaki mzike!"

"Haji, kunywa kahawa yako."

"Huo ukiwaka n'takubeba mgongoni mpaka Forodhani, watalii watupige picha!"

Baraza zima likaanguka kicheko. Siku zikapita, kicheko kikazidi. Wapitao wakaanza kutazama juu ya mlango, wanasoma yale maandishi mekundu, wanasema, "Kumbe ipo!" Wewe hujui maumivu ya neno hilo. Jina langu ndilo mali yangu. Sina cheti ukutani, sina baba aliyeniachia shamba. Nna jina tu, na lilikuwa linaliwa na kutu ya watu wengine.

Mchana mmoja, watu wamekula, wamelala, maduka yamefungwa, jua limesimama juu ya utosi. Haji mwenyewe kaenda kwake kujinyoosha. Nikabaki peke yangu. Nilikuwa nimemwaga mafuta yote, tangi liko tupu limefunuliwa likauke, na plagi nimeitoa, nimeishika kiganjani nnaifuta. Nisikilize hapo vizuri: tangi tupu, plagi mkononi mwangu.

Akaingia mtu. Hakupiga hodi. Mwembamba, peku, kavaa kitu kama kanzu nyeupe mpya isiyo kifungo. Masikioni katia pamba. Nikasema moyoni huyu mkata miti, maana wengine hujiziba hivyo kwa kelele za msumeno. Akanipita, na harufu yake ikanipita: petroli na kafuri. Nani huchanganya vitu hivyo?

"Kwenu hamna hodi?" nikamuuliza.

Hakunijibu. Akauwekea msumeno mkono, kama mzazi anavyomgusa mtoto kipaji kuona kama ana homa.

"Nani kakuhalalishia?"

"Nimenunua kwa pesa yangu! Wewe nani?"

"Nani kakuhalalishia?" Sauti ile ile, kama hajasikia hata herufi moja.

Wallahi damu ilinichemka. Nikanyanyua spana, nikamwambia atoke kabla sijamtoa meno. Hakugeuka. Akauweka msumeno chini, akaukanyaga mpini wa nyuma kwa mguu kama wafanyavyo wakata miti wenyewe, akavuta kamba mara moja tu.

Ukawaka.

Niamini, usiniamini, ukawaka! Ukanguruma mpaka chokaa ikadondoka kwenye boriti. Plagi iko kwenye ngumi yangu, na pale pale ikaanza kupata moto, inanipigapiga kiganjani kama inapasua cheche ndani ya nyama. Nikataka kuitupa, vidole havikufunguka. Na yule mtu? Kainamisha kichwa, kisha akaizungusha skrubu ndogo ya kabureta kwa ukucha, skrubu niliyoizungusha mie mpaka macho yakanitoka. Mngurumo ukawa mtamu. Akatabasamu.

Hilo ndilo lililoniuma kuliko moto. Ndani ya karakana yangu, chini ya maandishi yangu, mtu ananirekebishia kazi!

Akauzima, akaulaza mezani taratibu, akatoka. Nikamkimbilia mlangoni. Usiniulize habari za kivuli, saa ile nani ana kivuli? Kichochoro kimenyooka mpaka mwisho, na hapakuwa na mtu.

Aliyetokea ni Haji, mbio, kikoi anakifunga njiani.

"Umewaka! Nimeusikia mpaka kitandani!" Akanigeuzia mgongo mbele ya majirani waliochungulia madirishani. "Panda, fundi! Ahadi ni deni!"

Ningepanda, nani angejua? Jina langu lingerudi pale pale, lingepitishwa mji mzima mpaka Forodhani. Lakini plagi ilikuwa bado inanichoma mkononi.

"Sipandi."

"Weye? Leo umeona haya?" Akacheka, kisha akaniona uso, akaacha.

Nikautia msumeno kwenye kigunia, Haji akanipakia kwenye Vespa yake, tukaenda moja kwa moja kwa Sudi. Nikamkamata ukosi.

"Msumeno ule wa nani?"

Akababaika, akayatoa. Ulikuwa wa kaka yake kwa baba, Fundi Makame, mkata miti wa Kidichi. Makame kafariki hivi karibuni, mkewe yumo edani, warithi hawajakaa kugawana mali, na huyu Sudi kauchukua bandani kwa marehemu. "Kitu kibovu," anasema. "Nilidhani hakuna atakayekiulizia."

"Huyo kaka'ko, alikuwa akijitia pamba masikioni?"

Sudi akanitumbulia macho. "Makame? Hajapata kujitia. Ndo maana kelele zilimla masikio akawa kiziwi." "Pamba alitiwa siku ya kukoshwa maiti yake. Nimemtia mie, kwa mkono wangu."

Nikamwachia ukosi. Nilitaka kumpiga, mkono ukakataa.

Tukaupeleka Kidichi kwa marehemu, tukakaa ukumbini. Mjane, Bi Raya, nyuma ya pazia.

"Shikamoo, Bi Raya."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwambia nimeleta nini. Akanieleza: msumeno ule ulimzimikia mumewe zamani, na kila mchana, akishasali akala, alikuwa anakaa nao. Watu wakimcheka, yeye anasema hatauacha mpaka auwashe.

"Umewaka?" akauliza.

"Umewaka."

"Kwa mkono wako?"

Haji yupo ubavuni mwangu, masikio kayasimamisha. Nilijua nikijibu, kesho baraza zima litakuwa nalo.

"Hapana, Bi Raya. Kwa mkono wa mwenyewe. Skrubu kaizungusha kwa ukucha."

Pazia likatikisika. "Msumeno ulilia vipi?"

Basi mie, mtu mzima na ndevu zangu, nikakaa kwenye mkeka wa watu nikauigiza mngurumo wa mashine kwa mdomo. Nyuma ya pazia sikujua kama analia au anacheka. Haji hakucheka.

"Uache hapo mlangoni," akasema Bi Raya. "Mwenyewe keshaumaliza."

Nikauacha. Leo kiganja changu cha kulia kina alama ya plagi, pembe zake zote zahesabika, na jua likifika utosini panawaka moto. Kamba za mashine nnavuta kwa mkono wa kushoto. Chini ya yale maandishi mekundu nimeongeza mwenyewe: ILA MOJA. Wateja hawakupungua, lakini Sudi akinisalimia njiani nnapita kama nnapita ukuta.

Na wewe unayependa vitu vya zamani, shika haya. Muuzaji akikwambia "chukua tu", akiimeza ile kauli ya halali yako, kiache kitu hapo hapo, hata kiwe cha dhahabu. Ukishakichukua, mchana mmoja akakuingilia mtu bila hodi, ana pamba masikioni, usijichoshe kumtukana.

Hasikii.