Shafti Iachwe Icheze

Asubuhi ile tulikuwa uani kwetu Pasiansi, injini ya pikapu imefunguliwa na vipande vyake vimetandazwa juu ya gunia. Kaka yangu Masanja alishika distributa, ile inayogawa moto kwenye plagi, akawa anaisukuma shafti yake juu na chini. Ilicheza kidogo sana, ikigonga tok, tok. Nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha sita, na kila kilichocheza kilinitia wasiwasi. Nikamwambia tuongeze washa moja, kile kipete chembamba cha chuma, itulie.

"Ukiibana, ikipata moto itakwama," alisema, akipitisha jani jembamba la geji ya kupimia kwenye ile nafasi. "Wewe ungekuwa injini, mdogo wangu, usingewaka kabisa."

Injini ilipofungwa tukapeleka dagaa Kongo, kwa Mama Furaha, mteja wake wa miaka mingi. Watu walisema vita viko mbali. Tulikuwa tunakunywa chai kwake milio ilipoanza mlimani, na kabla vikombe havijapoa barabara ilikuwa imejaa watu wenye magodoro kichwani.

Tulishusha magunia. Nikashika usukani, Mama Furaha na wanawe wakakaa mbele nami. Majirani wakajilaza nyuma chini ya turubai. Masanja akasimama nyuma, ameshika paa, aniangalizie njia. Aliniambia atanigongea paa kama makonda wanavyofanya.

"Pigo moja, simama. Mawili, twende."

Barabara ya kurudi mpakani ilipanda mlima uleule, na huko risasi zikaanza kupita juu yetu. Injini ilikuwa imechemka. Niliisikiliza kama mtu anavyosikiliza pumzi za mgonjwa.

Bati la paa likagongwa.

Likagongwa tena.

Nikakanyaga mafuta.

Injini haikukwama. Tulipofika ng'ambo ya mlima nikashuka. Masanja alikuwa ameangukia turubai, amekwisha kukata roho. Ukingoni mwa paa palikuwa na mchubuko mmoja wa risasi.

Tulimzika Misungwi. Mama yetu aliuliza jambo moja tu: mwanawe alisema nini mwisho. Nilimjibu kuwa alisema twende. Akaitikia kwa kichwa, na hajauliza tena.

Sasa nina shahada, kazi bado, na injini ile nimeifungua mwenyewe, uani palepale. Nikiwa peke yangu huyarudia mapigo yale. Huenda yote yalikuwa ya mkono wake. Huenda moja lilikuwa la risasi, na lake lilikuwa moja tu, la kunisimamisha. Waliokuwa chini ya turubai hawakutofautisha mlio na mlio. Ningesimama, pengine tungeishia pale sote. Pengine ningemziba jeraha.

Jana nilifika kwenye distributa. Jani la geji lilipita kwa kukwaruza kidogo, kama alivyotaka. Nikaisukuma shafti juu, ikagonga. Nikaishusha, ikagonga.

Washa moja zaidi ingeinyamazisha. Nilikuwa nayo mkononi. Nikairudisha koponi, nikapigilia pini ya kuifunga shafti.